Shamba Lililofanywa Pambo la Taifa

Njia ya kwenda Meremeti sitaieleza, maana hata aliyeipita hakuitazama. Mbaruku, mhunzi wa Kidongwe, alikuwa na majembe ishirini juu ya punda na wazo moja tu kichwani: kwamba Meremeti kumenyesha baada ya miaka mitatu ya ukame, na penye mvua baada ya ukame mtu hahitaji hirizi ili auze majembe. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mikono yake imejaa makovu ya cheche. Alikuwa na ila moja, ambayo mkewe hakuchoka kumkumbusha: akiona kitu, alikisema.

Mpakani alipokewa na askari wawili waliovaa mikufu kuanzia shingoni hadi kitovuni. Walipotembea ilikuwa kana kwamba mtu anaburuta masufuria ngazini.

"Habari za hapa?" Mbaruku akawaamkia.

Askari wakatazamana kama watu waliotukaniwa mama zao.

"Ndugu yangu," mkubwa wao akasema, akijizuia, "hapa habari haziulizwi. Ukiuliza habari, mtu anaweza akakupa. Hapa unasema, 'Waonekana!' Nami nakujibu, 'Mpaka ng'ambo!'"

"Waonekana," akasema Mbaruku.

"Mpaka ng'ambo! Lakini wewe mwenyewe huonekani kabisa. Hata kipete? Mzima mzima umetoka kwenu hivyo, na watu wakakuangalia tu?"

Wakamvika mkufu wa muda wa wageni, uliotungwa kwa vizibo vya soda vilivyopondwapondwa, wakampa na stakabadhi yake. Kisha wakageukia mzigo. Askari mdogo akanyanyua jembe moja, akalipima sikioni kwake, likamfika begani. Akauliza kwa heshima, "Hizi hereni ni za watu wa cheo gani huko kwenu?" Mbaruku akacheka sana. Alicheka peke yake.

Kabla hawajamruhusu kuingia walimweleza sharti la kutoka. Mgeni akitaka kuondoka Meremeti anaapa mbele ya ofisa kwamba katika ziara yake hakuona njaa. Akishaapa, lango linafunguliwa. Mbaruku akadhani hilo ni jambo dogo, akaingia. Alikusudia kukaa siku tatu.

Alipangiwa nyumba ya mjane mmoja, Bi Siwatu, mama wa watoto wanne. Mwanamke huyo alimpokea mlangoni akiwa amevaa mikufu minne mizito, vikuku vya mikono na miguu, na kipini puani kilichokuwa zamani mkia wa kijiko. Alipomwinamia mgeni kumpokea fimbo yake, ilibidi ashike mwimo wa mlango ili asiendelee kuinama. Akamkaribisha mkekani, akamwekea sahani iliyosuguliwa hadi ikawa kioo. Juu ya sahani palikuwa na vijiko viwili vya mchicha pori. Mbaruku aliona sura yake vizuri kuliko alivyouona mchicha.

"Dada yangu," akasema, ile ila yake ikamtangulia, "mbona chakula chenyewe ni kidogo hivi? Watoto wamekula nini?"

Watoto wakageuka wote kumtazama mama yao. Bi Siwatu akaenda kufunga dirisha, vikuku vikimlilia, akarudi akakaa.

"Kaka, usiseme hivyo tena mpaka ujue nchi uliyoingia," akasema. Akamsimulia.

Mwaka wa kwanza wa ukame, Baraza la Wang'avu lilikutana kuzungumzia jambo lililokuwa likiwatia aibu. Nyuso za watu zilikuwa zimekonda, na wageni wakaanza kuziona. Baada ya siku tisa za majadiliano wataalamu wakaja na dawa: mgeni apewe kitu kingine cha kutazama. Ikatungwa Sheria ya Mng'aro. Aliyekula mara mbili kwa siku avae ratili moja ya mapambo. Aliyekula mara moja, ratili tatu. Asiyekula kabisa, ratili sita. Kwa hiyo ukikutana na mtu Meremeti anawaka kama jua la saa sita, jua kwamba tangu juzi hajatia kitu kinywani. Wajumbe wa Baraza wenyewe walivaa pete moja moja, nyembamba, na watu wakawasifu kwa kutojikweza.

Dhahabu ilikwisha mapema, kama inavyokwisha kila mahali. Wakaingia kwenye shaba, kisha bati. Masufuria yakayeyushwa yakawa vikuku, maana hata hivyo hayakuwa na cha kupika. Majembe nayo yakayeyushwa yakawa mikufu, maana hata hivyo ardhi ilikuwa imegeuka jiwe. Mbaruku aliposikia hayo aligeuka kuutazama mzigo wake. Yeye hulala karibu na majembe yake mpaka yapoe, na mkewe husema anayapenda kuliko watoto.

"Sasa mvua si imenyesha?" akauliza.

"Leo siku ya nne," Bi Siwatu akajibu. Akapanda juu ya kinu, akanyoosha mkono darini, akateremsha kibuyu kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na kibaba kimoja cha mbegu ya mahindi, safi, kila punje imepakwa majivu. "Mwaka jana huyu mdogo alilia kutwa nzima akikitazama kibuyu hiki. Nikamwambia ni dawa ya kuhara. Nilimdanganya mwanangu akiwa na njaa, na ningemdanganya tena. Hii ndiyo mbegu yote niliyo nayo duniani. Isipoingia ardhini ndani ya siku saba, mvua itapita, nitaipika, tutaila siku moja, na baada ya hapo sijui."

"Basi panda, dada! Unangoja nini?"

"Nilikwenda jana. Nikainama kuchimba kwa kijiti. Mikufu ikanitangulia, nikala tope. Nikisimama siifikii ardhi, nikiinama siinuki. Na kuivua siwezi. Tazama." Akamwonyesha lakiri ya risasi iliyofunga mikufu nyuma ya shingo. Kuvua mapambo bila ruhusa kulihesabiwa ni kukaa uchi hadharani, na adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa shamba, kwa hoja kwamba mtu asiyejisitiri mwenyewe hawezi kuisitiri ardhi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbaruku hakungoja ya tatu. Siku ya pili alichagua jembe lake zuri kuliko yote, akalitia mpini, akalitia begani, akamfuata Bi Siwatu hadi Barazani kuomba ruhusa.

Baraza lilikuwa na wajumbe kumi na wawili, mwenyekiti wao akiitwa Mng'avu Mkuu, mtu mnene mwenye sauti laini na pete yake moja. Raia walijaa ukumbini, na kila mmoja alipopumua ukumbi mzima ulilia kengele. Bi Siwatu akasimama, akaeleza haja yake kwa maneno machache. Aliomba siku tatu tu bila mikufu.

"Sheria iko wazi, mama," Mng'avu Mkuu akasema kwa huruma ya kweli. "Mapambo yatavaliwa mpaka shida iishe."

"Shida si imekwisha, bwana? Mvua inanyesha. Hiyo hapo nje."

"Ndiyo, lakini hatuwezi kutangaza mwisho wa jambo ambalo halikuanza. Leta kitabu chochote cha serikali kilichoandika kwamba hapa paliingia shida, na siku iliyoingia. Nami kwa mkono wangu nitatangaza mwisho wake jioni hiyo hiyo."

Makarani wakatumwa maktaba. Wakarudi wamejaa vumbi na kusema hakuna. Miaka yote mitatu ilikuwa imeandikwa kuwa ni miaka ya kuonekana vizuri.

Ndipo mjadala ukanoga. Mjumbe mmoja alishauri mama apande akiwa amesimama, arushe mbegu kwa mbali kama anayelisha kuku. Mwingine, aliyesomea kilimo kwa barua, akasema mbegu zikining'inizwa shingoni pamoja na mikufu zitaota palepale kwa jasho, na shamba litakuwa linatembea na mwenyewe. Wa tatu akapinga jambo lote. Mtu akiinama, alisema, mapambo yake yanaangalia chini, na mapambo yanayoangalia chini yanaitia nchi huzuni. Wakamshangilia. Bi Siwatu alisimama muda wote huo, jasho likimtiririka chini ya zile ratili sita, na Mbaruku alipomwona anayumba, hasira ikampanda mpaka masikioni. Akaona hapa kusema ukweli wote hakufai. Utatosha ukweli kidogo.

"Waheshimiwa," akasema, "na huyu mama akivua hayo, akavaa hili?" Akanyanyua jembe.

Wajumbe wakasogea mbele kulitazama.

"Ni pambo?" akauliza Mng'avu Mkuu.

"Kwetu kila mtu mwenye heshima analo."

"Linakaa wapi mwilini?"

"Asubuhi begani. Mchana mikononi. Jioni linarudi begani."

"Na uzito wake?"

"Mwanzo ni ratili tatu. Kufika adhuhuri ni kumi."

Wajumbe wakaguna kwa mshangao mwema.

"Na laweza kuvaliwa pamoja na mikufu?"

"Hapana, mheshimiwa. Jembe lina wivu mno. Halikubali kukaa mwili mmoja na kitu kingine."

Walipiga kura kabla ya chakula cha mchana, maana wao chakula cha mchana walikuwa nacho. Jembe likatangazwa kuwa pambo la daraja la kwanza, lenye kuvaliwa peke yake. Lakiri ya Bi Siwatu ikakatwa palepale. Mikufu ilipoanguka sakafuni alijishika kifuani, akavuta pumzi ndefu, akacheka, kisha akalia kidogo. Mbaruku akamkabidhi jembe na hakutaka kusikia habari ya bei.

Bi Siwatu alipanda kibaba chake kwa siku mbili, yeye na wanawe, mashimo mawili mawili, punje tatu kila shimo. Lakini ruhusa ya Baraza haikumaliza kazi ya Bwana Chambuso.

Huyu Chambuso alikuwa Ofisa Mng'aro wa mtaa ule, mwembamba kama ufito, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa na pete. Sasa hesabu mwenyewe alikuwa anakula mara ngapi. Kila asubuhi alisimama hatua kumi mbele ya raia, akatoa macho, akangoja. Akipepesa, raia amefaulu. Asipopepesa, raia hang'ai vya kutosha na anapewa onyo, na maonyo matatu yanavunja ruhusa. Asubuhi ya kwanza alilitazama jembe la Bi Siwatu, bado jeusi kwa moshi wa kiwandani. Hakupepesa. Akaandika onyo. Siku ya pili lilikuwa limeanza kufifia weusi ncha tu. Akaandika la pili, huku akimwomba radhi. Usiku ule Bi Siwatu hakulala. Lakini jembe linalolima halihitaji mtu wa kulisugua. Asubuhi ya tatu alilinyanyua kutoka udongoni, jua likalipiga, na Chambuso akapepesa macho yote mawili mpaka machozi yakamtoka.

"Mama," akasema akijifuta, "hili linapita dhahabu."

Neno hilo lilitembea mji mzima kabla ya jioni. Majembe kumi na tisa yaliyobaki yakachukuliwa yote. Walioyapata waliyasugua kwa ndimu na majivu, yakang'aa saa moja na kufubaa. Ilipojulikana kwamba siri iko udongoni, wakaingia kulima kwa fujo. Walichimba viwanja vya nyumba zao, kisha barabara ya kwenda sokoni, kisha uwanja wa mpira. Bi Siwatu aliwapigia kelele, "Pandeni basi kitu humo! Kunde, mtama, chochote!" Wakamjibu kwamba mbegu hazing'ai. Wengi hata hawakuwa nazo. Walikwisha kuzila, nani awalaumu. Mbaruku alizunguka mashimo yale matupu akafanya lile tu alilolizoea: alisema alichokiona, kwa sauti kubwa, na watu wakampisha kama mgonjwa.

Alikuwa ameshamaliza biashara, na hakuna kilichomweka pale isipokuwa kile kiapo. Alikwenda langoni mara mbili. Mara zote mbili aliinua mkono wa kuume, akafungua kinywa aseme kwamba hakuona njaa, akamkumbuka yule mtoto na kibuyu cha dawa ya kuhara, akaushusha mkono. Siku tatu zikawa miezi miwili na nusu.

Wakati huo mahindi ya Bi Siwatu yalikuwa yameota, yakapita goti, yakapita kiuno, yakatoa mbelewele. Lilikuwa shamba moja la kijani katika mji mzima wa mashimo. Asubuhi umande ulipokaa juu ya majani, shamba zima liliwaka, na watu wakaja kulitazama kwa mafungu. Mng'avu Mkuu naye akaja. Akasimama kwenye mpaka wa shamba, akapepesa.

Kesho yake tangazo likabandikwa. Shamba la Bi Siwatu limefanywa Pambo la Taifa. Lisiguswe, lisivunwe, lisipunguzwe hata jani. Atakayelila atashtakiwa, na shamba litakuwa mali ya Baraza.

Bi Siwatu alisomewa tangazo akiwa amempakata yule mdogo, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Aliendelea kuikanda. Mbaruku alisema mengi, ambayo mengine hayafai kuandikwa. Alijiona yeye ndiye aliyemponza, maana kama asingelifanya jembe kuwa pambo, nani angefikiri kulifanya shamba kuwa pambo? Alimwambia mwenyeji wake hivyo waziwazi.

"Kaka," Bi Siwatu akamjibu, "bila jembe lako ningekuwa nimepika mbegu. Sasa nina mahindi. Tusigombane na Mungu."

Siku mahindi yalipokomaa kwa kuchoma, aliingia shambani saa sita mchana, watu wanaona, akavunja mahindi saba. Akawasha moto uani, mlango wazi. Harufu ikatoka, ikageuka kona, ikaenda mjini. Kila mtu aliyekuwa akipita alisimama, na mapambo yao yakanyamaza.

Bwana Chambuso akafika na kitabu chake cha serikali, mbio mbio, pete zikigongana. Akasimama mbele ya moto, akafungua ukurasa, akaanza kuandika huku akisema kwa sauti, kama kanuni inavyotaka.

"Kosa: kula Pambo la Taifa. Mahali: uani, mlango wazi. Idadi: mahindi sita."

"Saba," akasema Mbaruku.

Bi Siwatu akamtazama kwa jicho kali. Chambuso akasahihisha.

"Saba. Sababu ya kula..." Hapo akakwama. Akatazama kalamu. Akatazama watoto wanne waliokuwa wanatafuna bila kuinua vichwa, mdogo kabisa akiwa amelishika hindi kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa litakimbia. "Sababu ya kula..." akarudia. Akakaa chini kwenye gogo.

Bi Siwatu akachagua hindi moja kutoka kwenye makaa, akalipukuta majivu, akampa. Chambuso akalipokea kwa mazoea ya kazi, kama ushahidi, kisha akapiga ukelele. Pete zote kumi zilishika moto. Akalihamisha huku na huku, akaliweka gogoni, akaanza kuvua pete, moja moja, ya kwanza kwa shida kubwa kwa sababu hakuwahi kuvua hata moja, nyingine kwa urahisi wa kusikitisha, maana vidole vilikuwa vimepungua. Akazitia kofiani. Kisha akala.

Alianza safu kwa safu, kama mtu aliyelelewa vizuri. Baada ya safu ya tatu akasahau malezi. Mlangoni watu walikuwa wameongezeka, na hakuna aliyesukuma. Alipomaliza punje akatafuna na gunzi kidogo, akaona haya, akajifuta masharubu, akachukua kitabu chake.

Alikiweka mapajani. Aligeuka akalitazama jengo la Baraza kule juu, madirisha yake yakimeta. Kisha akainama akaandika neno moja, kwa herufi kubwa kama mtoto anayejifunza. Mbaruku akachungulia juu ya bega lake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisoma kitu asikiseme. Kwenye mstari wa sababu palikuwa pameandikwa: NJAA.

Bi Siwatu hakuinuka pale alipokaa. Aligeuza hindi upande wa pili lisiungue.

"Andika na siku ilipoanza, bwana," akasema.

Chambuso akanyanyua mikono yake mitupu mbele ya uso, akaanza kurudi nyuma mwezi kwa mwezi, kidole kwa kidole. Vidole vikamwishia. Watoto wakaweka magunzi yao chini, wakampa vyao.